Kanuni za Usimamizi na Ari ya Wafanyakazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo ni yale ambayo wasimamizi wa viwanda, maduka na ofisi za Nairobi huniuliza kila ninapokaa nao darasani. Kabla ya kuanza kufundisha nilisimamia ghala katika Eneo la Viwanda kwa miaka kadhaa, kwa hiyo baadhi ya majibu yana vumbi la ghala lile.

Kanuni za usimamizi ni nini, na zilianzia wapi?

Ni maelekezo ya jumla yanayomsaidia mtu anayewajibika kwa kazi ya wengine kuamua nani afanye nini, nani apokee maagizo kutoka kwa nani, na kazi ipimwe kwa njia gani. Orodha inayofundishwa zaidi ni ya Henri Fayol, mhandisi wa migodi wa Ufaransa aliyekabidhiwa mwaka 1888 uongozi wa kampuni ya makaa ya mawe na chuma iliyokuwa karibu kufilisika, akaisimamisha tena kwa miguu yake, kisha mwaka 1916 akachapisha aliyojifunza. Alizitaja kazi tano za msimamizi, yaani kupanga, kuandaa, kuamuru, kuratibu na kudhibiti, na akaongeza kanuni 14. Wanafunzi wengi huzikariri hizo 14 kama amri za Musa, ilhali Fayol mwenyewe aliandika kwamba kanuni zake hupindika kulingana na hali, na kwamba idadi hiyo si ya lazima.

Aliyemtangulia kwa miaka michache ni Mmarekani Frederick Taylor, ambaye kitabu chake kuhusu usimamizi wa kisayansi kilitoka mwaka 1911. Taylor aliichukua kazi ya mikono, akaigawa katika vitendo vidogo vidogo, akavipima kwa saa, kisha akamfundisha mfanyakazi njia moja aliyoiona kuwa bora. Katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem, huko Pennsylvania, Marekani, alieleza jinsi mpakiaji mmoja alivyopandishwa kutoka tani 12 na nusu hadi tani 47 kwa siku, huku ujira wake ukipanda kutoka dola 1.15 hadi dola 1.85. Huwaomba wanafunzi wangu wapige hesabu hiyo wenyewe: mzigo umekaribia kuwa mara nne, na malipo yameongezeka kwa takriban asilimia 60. Darasa hunyamaza kidogo, kisha mtu wa nyuma husema, "Huyo alidhulumiwa." Wafanyakazi wa karakana ya silaha ya Watertown walifikiri hivyo pia, kwani mwaka huo huo wa 1911 waligoma wakipinga kupimwa kwa saa, na suala hilo likafika mbele ya kamati ya Bunge la Marekani.

Je, kanuni za Fayol bado zina maana katika Nairobi ya leo?

Baadhi yake zina maana kubwa kuliko wasimamizi wengi wanavyodhani, na ninayoitilia mkazo kuliko zote ni umoja wa amri: kila mfanyakazi apokee maagizo kutoka kwa mkubwa mmoja tu. Wahenga wa pwani walikwisha kusema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama, lakini ingia ofisi yoyote ya hapa mjini uhesabu manahodha.

Nitoe mfano ninaoufahamu vizuri. Ijumaa moja mchana, mpakiaji wa ghala letu aliambiwa na msimamizi wake aanze na lori la Nakuru. Dakika kumi baadaye meneja wa mauzo alishuka ngazi simu ikiwa sikioni, akamwambia aliache hilo na apakie la Mombasa kwa sababu mteja anapiga kelele. Mpakiaji akatii. Msimamizi aliporudi kutoka langoni alikuta lori la Nakuru likiwa na safu tatu za katoni, turubai likiwa wazi, na wingu limetanda upande wa Embakasi. Jioni ile malori yote mawili hayakuondoka, na aliyeandikiwa barua ya onyo ni mpakiaji. Msimamizi huyo alikuwa mimi, na barua niliiandika mimi. Kuanzia Jumatatu iliyofuata, mpakiaji yule hakuinua katoni hata moja bila kuuliza kwanza, "Mmeelewana na mkubwa?" Nilimwona mkaidi. Ilinichukua muda kutambua kwamba alikuwa ametunga, kwa uwezo wake mdogo, kanuni ambayo sisi wawili tuliokuwa juu yake tulishindwa kuifuata.

Fayol hakuwa mgumu kiasi cha kutaka kila neno lipande ngazi hadi kwa mkurugenzi na kushuka upande wa pili. Aliruhusu watu wa idara mbili walio ngazi moja kuzungumza moja kwa moja, mradi wakubwa wao waidhinishe na wapewe habari. Meneja wa mauzo angenipigia simu mimi, nami ningebadilisha mpango. Ni jambo la dakika moja.

Ari ni nini, na inahusianaje na kanuni hizi?

Ari ni ile nguvu ya ndani inayomfanya mtu aanze kazi, aifanye kwa bidii na asiiache inapokuwa ngumu. Motisha ni kile kinachoiamsha au kuikuza nguvu hiyo, iwe malipo, sifa, cheo au uzito wa kazi yenyewe. Wengi huyaona mambo haya kuwa masomo mawili: kanuni ni za chati ukutani, na motisha ni ya sherehe ya mwisho wa mwaka na mbuzi choma. Mimi nayaona kuwa jambo moja. Mtu mpya huingia kazini akiwa na ari yake mwenyewe, tena amepiga pasi shati usiku, na mara nyingi kinachomwishia ni matokeo ya usimamizi mbovu: maagizo yanayogongana, malipo yasiyoeleweka, na malalamiko yasiyojibiwa.

Kwani mshahara si ndio motisha pekee?

Mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 katika eneo la Pittsburgh, na mwaka 1959 wakatoa matokeo yaliyozua mjadala ambao haujaisha. Waliwataka watu wakumbuke siku walizojisikia vizuri sana kazini na siku walizojisikia vibaya sana. Visa vya siku nzuri vilihusu kufanikisha jambo, kutambuliwa, kazi yenyewe, kupewa wajibu na kupanda. Vya siku mbaya vilihusu sera za kampuni, namna ya kusimamiwa, mshahara, mahusiano na mazingira ya kazi. Kundi hili la pili Herzberg alilifananisha na usafi katika afya, kwamba maji safi hukukinga na kipindupindu lakini hayakufanyi mwanariadha.

Hoja hiyo isigeuzwe kisingizio cha kulipa kidogo. Wahandisi wa Pittsburgh hawakuwa wakitembea alfajiri kutoka Mukuru hadi Barabara ya Enterprise ili kuokoa nauli, na kwa mtu wa namna hiyo nyongeza ya shilingi elfu mbili hubadilisha mwezi mzima. Ninachokubali katika fundisho la Herzberg ni kwamba fedha huzoeleka. Nyongeza ya Januari hufurahiwa Januari, na kufikia Aprili imekuwa sehemu ya mshahara wa kawaida, wakati msimamizi anayefoka mbele za watu anafoka vilevile.

Liko pia suala la hati ya mshahara. Mfanyakazi huona jumla iliyoandikwa katika mkataba, kisha anapokea kiasi kingine baada ya kodi ya mapato, mchango wa malipo ya uzeeni, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, na pengine mkopo wa chama cha akiba na mikopo juu yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara, na bado wapo wanaorudi nyumbani wakidhani mwajiri ndiye aliyekula tofauti. Karani wa mishahara akitenga nusu saa kueleza kila mstari, atakuwa ameondoa uchungu mwingi ambao hakuna bonasi ingeuondoa.

Mshahara ukichelewa kwa siku chache, kuna madhara gani?

Madhara makubwa. Kodi ya nyumba hudaiwa tarehe 5, na mwenye nyumba hasomi taarifa za mtiririko wa fedha wa kampuni. Ikiwa kuchelewa hakuepukiki, tangazeni mapema, tajeni tarehe, na mtimize.

Piramidi ya mahitaji ya Maslow inasaidia kweli?

Inasaidia kukumbusha kwamba mtu ana mahitaji ya aina nyingi. Abraham Maslow aliyaeleza mwaka 1943: ya mwili, ya usalama, ya kupendwa na kuwa miongoni mwa wenzake, ya heshima, na ya kutimiza kile ambacho mtu anaweza kuwa. Mchoro wa piramidi haumo katika makala yake hiyo. Ulichorwa na wengine baadaye, na umewafanya watu waamini kwamba lazima ngazi ya chini ijae kabisa kabla ya ile ya juu kuanza. Mlinzi wa usiku anayekula mlo mmoja ili asikose kuchanga katika matanga ya jirani yake hajausoma mchoro huo.

Majaribio ya Hawthorne yalionyesha nini?

Yalifanyika kati ya mwaka 1924 na 1932 katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric huko Cicero, karibu na Chicago, na jina linalotajwa zaidi nayo ni la mtafiti Elton Mayo. Kisa kinachosimuliwa ni cha taa: mwanga ulipoongezwa uzalishaji ulipanda, na hata ulipopunguzwa ulipanda vilevile, jambo lililofanya watu waseme kwamba kuangaliwa na kujaliwa ndiko kulikoleta tofauti. Watafiti wa baadaye wameikosoa tafsiri hiyo sana, kwa hiyo singeijengea nyumba.

Sehemu ninayoipenda mimi haisimuliwi sana. Mwaka 1931 na 1932 walichunguzwa wanaume 14 waliokuwa wakiunganisha nyaya, ambao malipo yao yalitegemea uzalishaji wa kundi. Kwa hesabu ya vitabuni wangejitahidi wazalishe zaidi walipwe zaidi. Badala yake walikuwa wamekubaliana kimyakimya kiasi cha kazi kinachotosha kwa siku, na aliyezidisha alipigwa konde begani na wenzake. Waliogopa kwamba uzalishaji ukipanda, wakubwa watakiinua kipimo au watawapunguza watu. Mtu yeyote aliyewahi kusimamia vibarua wa kufunga mizigo anawatambua wanaume hao. Yule kijana mwepesi wa wiki ya kwanza, ambaye wiki ya tatu ana mwendo sawa na wengine, hakuchoka, ila amekwisha kuambiwa. Kumfokea hakubadilishi kitu ikiwa hofu ya kundi ina msingi. Nyapara anayetaka zaidi hana budi kwanza aahidi, na aonyeshe kwa miezi, kwamba kipimo hakitapandishwa kwa sababu watu wamefanya vizuri.

Tumeweka bonasi lakini mauzo hayapandi. Tumekosea wapi?

Victor Vroom alitoa mwaka 1964 njia nzuri ya kulitafuta kosa. Mtu hujiuliza mambo matatu: nikijitahidi, nitafikia lengo? Nikilifikia, nitapewa kilichoahidiwa? Nikipewa, kina thamani kwangu? Majibu hayo huzidishwa wala hayajumlishwi, kwa hiyo sifuri moja huyafuta yote. Muuzaji wa duka la simu katika barabara ya Luthuli hawezi kufikia lengo ikiwa simu zinazoulizwa na wateja hazimo katika rafu. Huko kosa liko kwa mnunuzi wa bidhaa, na bonasi hata ikiongezwa maradufu haitaleta simu. Kwingine bonasi ya mwaka jana ililipwa nusu "kwa sababu ya hali ya uchumi", na tangu hapo hakuna anayeiamini.

Jambo la pili ni lengo lenyewe. Utafiti wa Edwin Locke, ulioanza kujulikana mwaka 1968, umeonyesha tena na tena kwamba lengo mahususi na gumu kiasi huleta kazi bora kuliko agizo la "jitahidini", mradi mtu amelikubali lengo na anapata habari za maendeleo yake. Serikali ya Kenya ilifuata mkondo wa malengo yanayopimika ilipoanza kutia saini kandarasi za utendakazi na mashirika ya umma mwaka 2004. Udhaifu ninaouona katika mifumo ya namna hiyo ni ule ule kila mahali: kinachohesabika hufanywa, na kisichohesabika, kama upole kwa mwananchi aliyepanga foleni, huachwa.

Tatu, si kila kazi inayofaa kutundikiwa bei. Mwaka 1971 Edward Deci aliwalipa baadhi ya wanafunzi kwa kutatua mafumbo waliyoyafurahia, na malipo yalipoondolewa hamu yao ya kuendelea nayo wakati wa mapumziko ilipungua. Ikiwa fundi wako mzee anawafunza vijana kwa moyo wake, mpe muda, vifaa na heshima. Ukimwekea ujira wa kila somo unaweza kumgeuza mhesabu masomo.

Tufanye nini na mfanyakazi mvivu?

Kwanza tuulize ni nani aliyempa jina hilo. Mwaka 1960 Douglas McGregor alitofautisha mitazamo miwili ya wasimamizi, akaiita X na Y. Wa X huamini kwamba watu kwa kawaida huichukia kazi na lazima wasukumwe. Wa Y huamini kwamba mtu anaweza kujiongoza anapoliona lengo kuwa lake. McGregor alikuwa akiwazungumzia wasimamizi, hakuwa akiwapanga wafanyakazi katika makundi mawili, na alionya kwamba mtazamo hujizalia ushahidi: anayesimamiwa kama mwizi hujifunza kufanya kazi akitazamwa tu. Hata hivyo wavivu wapo, nisikudanganye. Wapo wachache.

Kwa nini wafanyakazi hulinganisha mishahara, na tuwakataze?

Hamtaweza. Watu watalinganisha wakiwa kwenye chai ya saa nne, au ndani ya matatu. John Stacey Adams alieleza mwaka 1963 kwamba mtu hupima uwiano wa anachotoa na anachopata dhidi ya uwiano wa mwenzake, na akiuona umepinda hupunguza bidii, hudai zaidi au huondoka. Sheria ya Ajira nayo inamtaka mwajiri alipe malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Ikiwa mgeni analipwa kuliko mwenyeji kwa sababu ya ujuzi adimu, sababu hiyo iwe ya kuweza kusemwa kwa sauti. Ikiwa haisemeki, tatizo liko katika malipo.

Nidhamu kali haiui ari?

Nidhamu isiyotabirika ndiyo inayoua. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinataka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutoweza kimwili amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua, na asikilize utetezi wao. Mwajiri akikiuka haki hiyo, mahakama inaweza kumwamuru alipe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Nimeona barua za onyo zilizoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na walioandikiwa wakisomewa na dereva wa forklifti. Andikeni kwa Kiswahili. Zaidi ya woga wa mahakama, wale wasiohusika na kosa wanatazama jinsi mwenzao anavyosikilizwa, na wanapata picha ya siku yao itakapofika.

Wengi wetu huajiri vibarua. Je, haya yanawahusu?

Yanawahusu. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja huchukuliwa na sheria, kwa kifungu cha 37, kama aliye katika mkataba wa mwezi, na hapo haki kama za notisi humfikia. Wapo wanaowakatiza vibarua kila wiki ya nne ili kuikwepa sheria hiyo. Basi wasishangae kwamba mtu anayejua ataondolewa tarehe 28 haoni sababu ya kuitunza mashine.

Nina karakana ya watu wanne Kamukunji. Nahitaji haya yote?

Huhitaji chati wala sera ya kurasa 40. Ukilipa siku uliyosema, ukagawa kazi asubuhi ili kila mmoja ajue sanduku la bati ni la nani, na shemeji yako asiwaamrishe wakati hupo, umetimiza sehemu kubwa ya Fayol. Kijana aliyemaliza kukunja bati lake la kwanza bila kuharibu, mwambie mbele ya mteja kwamba hiyo ni kazi yake.

Nitajuaje kwamba ari imeshuka kabla mambo hayajaharibika?

Usingoje kelele, kwa sababu anayelalamika bado anatarajia jibu. Angalia nani ameacha kuuliza maswali mkutanoni, nani amechukua siku zake 21 za likizo mojamoja, kila moja Jumatano asubuhi akiwa amevaa tai, na kama wagonjwa wa Jumatatu wameongezeka. Mpakiaji niliyemwandikia barua ya onyo hakugombana nami hata mara moja. Kwa miezi miwili alifanya kila alichoambiwa na hakufanya zaidi. Awali alikuwa na desturi ya kunionyesha katoni zilizolowa kabla hazijapakiwa, akizigonga kwa kidole ili nisikie sauti ya unyevu. Desturi hiyo iliisha, nami sikuigundua hadi mteja wa Nakuru alipoturudishia lori zima.